Kumtafuta Msichana wa Jalada la Kitaliano

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu kununua kitenge anaanza na swali lile lile: yule bibi wa Kizungu uliyekuwa unazunguka naye milimani alikuwa anatafuta nini? Wengine mmeambiwa ni madini. Mmoja wenu, namjua, amediriki kusema nimetafutiwa mchumba Ulaya. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku napima kitambaa, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote. Someni, mkimaliza mrudishe, wenzenu wanasubiri.

Same: mgeni anashuka

Kitaliano changu, kama wengi wenu mjuavyo, nilikiokota Unguja nilipokuwa nafanya usafi wa vyumba hotelini. Nasema nilikiokota kwa sababu hakuna aliyenifundisha darasani. Wageni walipoondoka waliacha majarida chini ya vitanda, nami badala ya kuyatupa niliyabeba. Nilianza na picha, nikaenda kwenye utabiri wa nyota, nikafika kwenye mapishi, na mwishowe nikawa nasoma barua za wanawake wanaomuuliza mhariri kwa nini waume zao hawazungumzi mezani. Yalikuwa majarida ya kila namna: ya wana wa wafalme na wachumba wao, ya kufuma masweta, ya vipindi vya televisheni, mengine yamefungwa kwenye nailoni pamoja na zawadi, miwani ya jua au kipochi cha kwenda nacho ufukweni. Nilijua kusema "talaka" na "unga wa ngano" kabla sijajua kusema "umeamkaje".

Mama Loredana alikuwa mgeni wa chumba kimojawapo. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi nasoma hadithi ya mapenzi ya picha, zile ambazo maneno ya wahusika huchapwa juu ya picha zao, akaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia nimefika mbali, na yule daktari ni mwongo. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo hatukupotezana, hata niliporudi Same kufungua duka.

Safari hii alishuka kwenye basi la kutoka Arusha akiwa na nywele nyeupe, kofia pana, na mkoba alioukumbatia kama mtoto. Hata chai hakuinywa kwanza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa jarida la zamani, akaniwekea mapajani.

Jaladani alikuwepo msichana wa miaka kama kumi na mitano hivi, amesimama mbele ya nyumba ya udongo, ukungu umefunika mlima nyuma yake. Ameshika sufuria kubwa, imeinama, ndani hamna kitu. Machozi yanamtiririka. Juu ya kichwa chake, kwa herufi nyekundu zenye urefu wa kidole, pameandikwa FAME. Kwa Kitaliano linasomwa kama lilivyoandikwa, fa-me, na maana yake ni njaa. Chini yake mistari mitatu: Analia, na machozi ndiyo chakula chake cha jioni. Sufuria yake ni tupu. Msichana huyu hajui karamu ni nini.

"Hapa ni wapi?" nikauliza.

"Ndani wameandika Mhezi. Ni karibu?"

"Ni pale juu," nikamwonyesha milima kwa kidole. "Nani aliandika maneno haya?"

"Sisi," akajibu, nami nikadhani anasema gazeti zima.

Alinieleza kwamba jarida lile lilikuwa likitoka kila wiki mjini Milano, na enzi zake ungelikuta kwa kinyozi, kwa daktari wa meno na jikoni kwa kila mama. Kila kona ya mtaa ilikuwa na kibanda cha magazeti, na mwenye kibanda alijua nani anasoma nini, hata kabla mteja hajafungua mdomo alishakunjiwa la kwake. Sasa vibanda vingi vimefungwa. Vilivyobaki vinauza wanasesere na sumaku za kubandika kwenye friji. Jarida lenyewe lilikufa. Yeye na wasichana wawili wenye umri wa wajukuu zake wameanzisha jarida dogo, linatoka mara mbili kwa mwaka, karatasi nzito, linatumwa kwa wanaoliagiza tu. Toleo lijalo ni la watu waliowahi kuwekwa jaladani bila kuulizwa.

"Nataka nimuulize huyu," akasema. "Kama yu hai."

"Tutampata," nikamwambia. Sikuwa na shaka hata kidogo. Upareni mtu hapotei. Anahama tu, na shangazi yake anajua alikohamia.

Kupanda Mhezi

Eliamini, jirani yangu mwenye gari kuukuu linalojua milima, alitupeleka. Nilifanya kosa moja: tuliondoka Jumamosi.

Barabara ya kupanda mnaijua. Mama Loredana alikuwa akishangilia kila kona, na kila alipochungulia bonde upande wake alinishika mkono. Tulipofika Mhezi tukakuta maduka yamefungwa, njia tupu, jogoo peke yake barabarani.

"Wamekimbia?" akaninong'oneza. "Wamesikia tunakuja?"

"Ni Sabato. Wako kanisani."

Tukakaa nje ya kanisa tukisikiliza kwaya, na mahubiri, na kwaya tena. Walipotoka walitusalimu kwa mikono miwili, "Sabato njema, karibuni," lakini nilipotaja jarida na picha, mzee mmoja mrefu akaniwekea kiganja hewani.

"Mwanangu, hayo ni mambo ya kazi. Leo mtakula na kupumzika. Kesho tutasikia."

Aliitwa Mzee Mbonea. Nilimwamkia kwa Chasu, lugha yetu Wapare, naye kusikia hivyo akatuchukua nyumbani kwake kama ndugu waliochelewa. Nilipomtafsiria Mama Loredana kwamba hatutaulizwa wala kuuliza lolote mpaka kesho, alidhani wamekasirika. Nikamwambia sivyo, mtu aliyekasirika hakupi makande. Yalikuwa makande ya mahindi na maharage, yaliyopikwa Ijumaa, na ninyi mnajua makande yaliyolala yanavyokolea. Alikula sahani mbili, akauliza kama yana jibini ndani. Mke wa mzee alicheka akasema yana subira.

Asubuhi ya Jumapili Mzee Mbonea alivaa miwani, akatuambia haya, leteni. Nikamwekea jarida mezani. Aliliinamia kidogo tu, akapiga meza kwa kofi.

"Hii nyumba ni ya baba! Na huyu ni Nanzia, dada yangu!" Kidole chake kikapita kwenye mlango uliokuwa nyuma ya msichana. "Ona majani ya mgomba yaliyofungwa hapa mlangoni. Unajua ni ya nini? Ni harusi yangu! Hii ni siku niliyooa!"

Mke wake alikuja mbio kuangalia kama na yeye yumo. Hayumo, akasikitika.

Nikamtafsiria Mama Loredana neno moja tu, harusi. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mwulize kama ana hakika."

"Mama, ni harusi yake mwenyewe."

Wakati sisi tunazungumza, Mzee Mbonea alikuwa amefika kwenye zile herufi nyekundu. Alisoma mpaka kidato cha nne enzi ambazo Kiingereza kiliingia kwa fimbo, na Kiingereza chake kilimwambia jambo jingine kabisa. Kwa Kiingereza neno lile lile, herufi kwa herufi, ni umaarufu.

"Fame!" akasema, akilitamka feim. "Dada yangu! Maarufu Ulaya, miaka yote hii, na hatujui!"

"Baba, subiri kidogo, hilo neno..."

Hakusubiri. Alishachukua simu na kupanda kilimani nyuma ya banda la mbuzi, ambako mtandao unapatikana, na tulimsikia kutoka pale chini akipaza sauti: "Nanzia! Umetoka gazetini! Nasema maarufu! M-a-a-r-u-f-u!" Aliporudi alikuwa anahema kwa furaha. Dada yake aliolewa Ugweno, kule Mwanga, amefundisha shule ya msingi maisha yake yote na sasa amestaafu. Anatusubiri.

"Baba," nikasema, "kuna jambo la kusahihisha."

"Utamsahihishia mwenyewe," akasema, akitupakilia mkungu wa ndizi na tangawizi. "Yeye ndiye mwalimu."

Kushuka, na chemshabongo ya ukutani

Tulishuka na mvua. Katikati ya mteremko lori la tangawizi lilikuwa limezama kwenye tope, limeziba njia yote, na watu wanalishusha gunia baada ya gunia. Tukangoja. Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya chai alitugawia bila kuuliza sisi ni nani, kisha akauliza sisi ni nani. Nilipomweleza, alisema angependa sana naye apigwe picha, ila si leo, leo hajasuka.

Humo garini ndimo nilipomweleza Mama Loredana maana ya kelele za Mzee Mbonea. Eliamini, aliyekuwa anasikia nusu Kiswahili nusu Kitaliano, akatikisa kichwa.

"Dada, hapo kuna kazi."

"Ipo," nikasema, "na tutaifanya."

Tulipofika lami na kuelekea Mwanga, tairi likapasuka pembeni ya mashamba ya mkonge. Palikuwa na kibanda cha mama ntilie, wateja wake wafanyakazi wa shambani, wengi wametoka Kigoma na Singida. Ndani, mbao zote zilikuwa zimebandikwa kurasa za magazeti kuzuia vumbi na upepo. Mama Loredana aliingia, akasimama katikati, akawa anasoma kuta kama mtu aliye kwenye maonyesho. Kulikuwa na kurasa za Kiswahili, za Kijerumani, na kwenye kona juu ya ndoo ya maji, ukurasa wa Kitaliano. Ilikuwa ile chemshabongo ya visanduku vyeusi na vyeupe. Wataliano wanaipenda hivi kwamba wana majarida ambayo ndani hamna kingine ila hiyo.

Akatoa kalamu, akaanza kujaza ukuta.

"Ee! Mwambie asinichoree nyumba!" mama ntilie akaja na upawa mkononi.

Nikamweleza ni mchezo, kila kisanduku kinadai herufi yake. Mwanamume mmoja wa mkonge, mikono yake imejaa makovu ya miiba, akasogea akauliza hicho kilichobaki kinataka nini. Nikatafsiri: mnyama mwenye shingo ndefu, herufi saba. Akahesabu kwa vidole, akasema twiga hatoshi. Nikamwambia Kitaliano ni "giraffa". Akahesabu tena, akapiga kofi. "Anaingia huyo!" Mpaka tairi linakamilika, benchi zima lilikuwa limeelekea ukutani, na chai yangu imepoa. Mama ntilie alisema sasa ukuta una maana, ila huyo Mzungu asirudi na kalamu nyingine.

Msangeni: tunaacha gari

Kutoka Mwanga tukaanza kupanda upya. Gari lilipanda kwa heshima mpaka Msangeni, hapo likatoa mvuke kama birika na kugoma. Eliamini akafungua boneti, akaangalia, akafunga.

"Mimi na huyu tunabaki. Nyie chukueni boda."

Nilimtazama Mama Loredana, miaka yake ile na magoti yale. Kumbe ujana wake wote alikwenda kazini kwa pikipiki ndogo katikati ya Milano, mkoba wa picha mgongoni. Alikaa juu ya bodaboda kama aliyekaa kitandani kwake. Mimi ndiye niliyefumba macho.

Kijana wangu wa boda alikuwa msemaji. "Dada, nyie ndio wa Mwalimu Nanzia, si ndiyo? Huko juu ni balaa. Kumechinjwa ng'ombe, wageni wamejaa. Wanasema alikuwa staa Italia."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Hata mchungaji katangaza."

Nilimwomba asimamishe. Pikipiki zote mbili zikasimama kando ya migomba. Nikamweleza Mama Loredana kinachotusubiri: ng'ombe, wageni, mchungaji. Alishuka, akashika kiuno, akatazama bonde.

"Labda tuliache," akasema polepole. "Amefurahi. Nani atajua? Neno ni lile lile."

Marafiki zangu, sitasema sikutamani. Lakini nimeishi na lugha za watu muda wa kutosha kujua kwamba uongo ukishatafsiriwa unakuwa wa mtafsiri.

"Hapana," nikamwambia. "Umevuka bahari kwa ajili ya neno hilo. Tutamwambia kabla hatujatia mkono kwenye sahani yake."

Akanitazama. Akapanda pikipiki.

Ugweno: jikoni kwa Mwalimu

Uani palikuwa na mikeka, viti vya kukodi, na wanawake wanaozungumza Kigweno ambacho mimi sikifahamu, maana kiko jirani zaidi na Kichaga kuliko na Chasu chetu. Mwalimu Nanzia alitoka akiwa amevaa kitenge kipya na kilemba, mfupi, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibuni sana. Liko wapi?"

Nikampa. Kabla sijasema neno alishalinyanyua juu, uso umewaka, wageni wanapiga vigelegele. "Fame!" akawasomea, akilitamka kama kaka yake. Nikamshika kiwiko.

"Mwalimu, naomba tuzungumze ndani kwanza. Sisi watatu."

Alikuwa mtu wa kuelewa uso. Akatuongoza jikoni, kwenye moshi wa kuni na sufuria za kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, akafunga mlango.

"Sema."

"Neno hili si la Kiingereza. Ni la Kitaliano. Maana yake ni njaa."

Nje watu walikuwa wameanza wimbo.

"Na haya madogo hapa chini?"

Nikamsomea mistari yote mitatu. Sikulainisha hata neno. Nilipofika "hajui karamu ni nini", akaninyooshea kidole nirudie. Nikarudia.

"Nani aliandika?"

Nikamgeukia Mama Loredana. Alikuwa ameelewa swali bila kutafsiriwa.

"Io," akasema. Akajigusa kifua. "Mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa ile "sisi" ya dukani. Alizungumza, mimi natafsiri. Alikuwa mgeni kazini, hajawahi kutoka Italia, hajui hata Tanzania iko upande gani wa ramani. Mhariri alimtupia picha mezani, akamwambia mistari mitatu kabla ya chakula cha mchana. Alitazama machozi, akatazama sufuria, akaandika. Alisifiwa. Wasomaji walilia. Walituma masweta kwa ajili ya msichana yule, chumba kizima cha masweta, na hakuna aliyejua pa kuyapeleka.

"Masweta?" Mwalimu akauliza.

"Ya sufu."

"Huku kuna baridi. Ningeyapokea." Akakaa kwenye kigoda. Sauti ilikuwa ya utani lakini kuni alizisukuma motoni kwa nguvu. "Mwambie hivi. Mimi ndiye niliyepewa jiko siku ile. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulinitoa machozi tangu alfajiri. Nilitoka nje kupumua, mpiga picha akanikuta. Na sufuria ilikuwa tupu kwa sababu watu walikuwa wameshiba."

Nilitafsiri. Mama Loredana aliweka mkono mdomoni. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alisema neno moja tu, mara mbili, na hilo halikunihitaji mimi kulitafsiri.

Mwalimu akainuka, akafuta macho kwa pindo la kitenge. "Moshi," akasema. Akafungua mlango.

Nilidhani atawafukuza wageni, au atatufukuza sisi. Alisimama mbele yao kama mbele ya darasa, akanyanyua jarida.

"Jamani, nilisoma vibaya. Hapa hapajaandikwa kwamba nilikuwa maarufu. Pameandikwa kwamba nilikuwa na njaa. Mwandishi wake huyu hapa, amekuja mwenyewe kutoka kwao kuniambia."

Mchungaji akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kutokea kwa macho. Kisha bibi mmoja aliyekuwa mkeka wa mbele akauliza, kwa upole kabisa:

"Kwa hiyo chakula hakipo?"

"Kipo!"

"Basi na aliyeandika naye ale, aone."

Kicheko kilichozuka hapo kilitufungua sote. Mama Loredana aliketishwa katikati ya wanawake, akapewa kiburu, nyama, mboga, na kila sahani ilipopungua iliongezwa. Alipiga picha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika paja la kuku. Mwalimu alikataa kupigwa peke yake. Alitaka atoke na sufuria yenye ukubwa ule ule, imejaa, na wageni wote nyuma yake.

Baada ya chakula tulikaa barazani, wageni wakiaga mmoja mmoja. Mama Loredana akaeleza mpango wake: ukurasa mmoja picha mpya, ukurasa wa pili jalada lile la zamani, na chini yake maneno ya Mwalimu mwenyewe, kwa Kiswahili kwanza, kisha Kitaliano nitakachotafsiri mimi. Mwalimu hakutaka kuhojiwa. Aliomba kalamu. Aliandika, akafuta, akaandika, kisha akatusomea:

"Naitwa Nanzia. Siku hii kaka yangu alikuwa anaoa. Nalia kwa sababu ya moshi. Sufuria ni tupu kwa sababu nimemaliza kupakua. Mpiga picha naye alikula, tena aliongezewa. Nilisoma, nikafundisha, nikalea, nikastaafu. Hakuna aliyeniuliza jina."

Mama Loredana alitoa karatasi yenye mistari ya kupangia ukurasa, akapima kwa rula. Akapima tena.

"Ni mazuri sana," akasema. "Lakini kwa lugha mbili hayatoshi. Yule mpiga picha ameshafariki. Labda sentensi yake tuitoe?"

Nikatafsiri.

"Hiyo ndiyo haitoki," Mwalimu akasema. "Mwambie apunguze picha."

Nikatafsiri. Mama Loredana akalitazama jalada lake, zile herufi, yule msichana. Akachukua penseli, akafuta kisanduku cha picha hiyo, akachora kingine kidogo zaidi. Mwalimu akainama juu ya bega lake, akakagua kama anayesahihisha daftari.

"Bado," akasema. "Punguza tena."

Akapunguza.